Deni Lililolipwa na Warithi



Sote twajua kwamba mtu akifa na huku anadaiwa, deni halifi pamoja naye. Kabla ya maziko warithi husimama wakauliza: yuko anayemdai marehemu? Na mwenye kudai akiwa naye amekwisha kufa, haki yake huwarejea watoto wake. Hilo ni deni la mali, na limekwisha elezwa vya kutosha. Leo nataka tuzungumze deni la namna nyingine, lisilopimwa kwa mizani wala kuhesabiwa kwa noti. Nalo ni deni la hishima: mtu kutenda jambo kubwa, watu wakanufaika nalo, kisha jina lake lisitajwe. Nimechagua khabari ya mbali, ya Marekani, kwa kuwa mara nyingi mtu huona vyema kasoro ya nyumba ya jirani kabla hajaiona ya nyumbani kwake.

Kando ya mto Mississippi, katika mji wa Vicksburg, pana uwanja mkubwa wa vita ambao serikali ya Marekani imeuhifadhi tangu tarehe 21 Februari 1899. Ndani yake mna kumbukumbu zaidi ya 1,300: minara, sanamu, mawe yaliyochongwa na vibao vya shaba. Jimbo la Illinois peke yake lilijenga kuba kubwa la marumaru lililofunguliwa mwaka 1906. Lina ngazi 47, ngazi moja kwa kila siku ambayo mji ulizingirwa, na ndani yake yameandikwa majina ya askari 36,325 wa jimbo hilo waliokuwako katika vita vile. Mjukuu anayekwenda kulitafuta jina la babu yake hulikuta pale, amelipapasa kwa kidole akarudi kwao ameridhika.

Lakini kwa zaidi ya miaka 100, msafiri angeweza kuuzunguka uwanja ule kutwa nzima asiuone hata mnara mmoja uliosimamishwa kwa ajili ya askari weusi waliopigana katika vita hivyo hivyo. Na hali katika makaburi ya askari yaliyo mle mle uwanjani wamelala watu kiasi cha 17,000 wa jeshi la Kaskazini, na zaidi ya 7,000 katika hao ni askari weusi. Wengi wa waliozikwa pale, kiasi cha 13,000, hawajulikani hata majina. Walizikwa pamoja, lakini hawakutajwa pamoja.

Usidhani, msomaji, kuwa mambo haya hayakutugusa sisi kabisa. Ile merikani waliyoivaa bibi zetu, na ambayo misafara iliichukua mafurushi kwa mafurushi kwenda bara, ililetwa Unguja na merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts. Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza akafika Unguja mwaka 1837. Nguo ile ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini kwa pamba iliyolimwa Kusini, na waliokuwa wakiichuma pamba hiyo ni watumwa. Vita vilipozuka mwaka 1861 pamba ilikatika, merikani ikaadimika katika maduka ya Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaanza kushika mahali pake. Kwa hiyo jasho la watu nitakaowaeleza hapa lilikwisha fika mabegani mwa wazee wetu kabla ya khabari zao kufika masikioni mwetu.

Vita vile vilikuwa vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1861 mpaka 1865, na waliokufa walizidi 600,000. Majimbo ya Kusini yalijitenga. Jimbo la Mississippi lilijitenga tarehe 9 Januari 1861, na wakuu wake hawakuficha sababu: walitangaza waziwazi kwamba maslaha yao yamefungamana na utumwa. Na ilikuwa kweli, kwani kwa hesabu ya watu ya mwaka 1860 jimbo lile lilikuwa na watu kiasi cha 791,000, na katika hao zaidi ya 436,000 walikuwa watumwa. Ndiyo kusema kwamba zaidi ya nusu ya watu wa nchi walikuwa mali ya watu wengine. Waliuzwa, wakarithiwa, mume akatengwa na mke na mtoto akatengwa na mama, na sheria ikasema ni halali.

Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi ni watu huru, na kwamba wanaweza kupokewa katika jeshi. Katika miezi iliyofuata Jenerali Lorenzo Thomas alipelekwa katika bonde la mto Mississippi kuandikisha vikosi vya weusi. Kikosi cha 1 na kikosi cha 3 vya askari wa miguu wa Mississippi wenye asili ya Kiafrika viliundwa mwezi wa Mei mwaka huo. Wachache sana kati yao waliwahi kushika bunduki. Walikuwa watu wa jembe na wa kikapu cha pamba, waliotoroka mashambani usiku wakayafuata majeshi ya Kaskazini, na wengine waliacha nyuma wake na wazee wasiojua watawaona tena lini.

Wakati huo Jenerali Ulysses Grant alikuwa ameuzingira mji wa Vicksburg. Mji ule ulikuwa juu ya majabali kando ya mto, na aliyeushika ndiye aliyeshika njia ya maji. Kiasi cha maili 15 juu yake, ng'ambo ya pili katika jimbo la Louisiana, palikuwa na kambi iitwayo Milliken's Bend. Hapo ndipo vikosi kadhaa vya askari wapya weusi vilipowekwa kufundishwa, vikosi vya Louisiana pamoja na hicho cha 1 cha Mississippi. Watu wa Kusini waliazimia kuishambulia kambi hiyo wakidhani kuwa chakula na zana za Grant bado zapita hapo. Hawakujua kwamba Grant alikwisha ipata njia nyingine. Basi shambulio lenyewe lilijengwa juu ya khabari iliyopitwa na wakati, lakini damu iliyomwagika ilikuwa damu ya kweli.

Alfajiri ya tarehe 7 Juni 1863, kabla ya jua kuchomoza, askari kiasi cha 1,500 wa Texas chini ya Jenerali Henry McCulloch waliijia kambi. Waliokuwa wakiilinda walikuwa kiasi cha 1,000, karibu wote weusi, pamoja na askari wachache weupe wa kikosi cha 23 cha Iowa, na amiri wao alikuwa Kanali Hermann Lieb. Walijipanga nyuma ya tuta la udongo lililojengwa kuzuia maji ya mto, juu yake wameweka marobota ya pamba. Tazama mambo ya dunia, msomaji: pamba ile ile waliyoichuma kwa kupigwa mijeledi ndiyo waliyojikinga nayo siku ile.

Wengine walikuwa wamepewa bunduki siku chache tu kabla. Walipiga risasi mara moja, na kabla hawajawahi kuzijaza tena bunduki zao, adui alikwisha panda juu ya tuta. Hapo vita vikawa vya mkono kwa mkono, vya singe na vitako vya bunduki. Wenye kuyajua mambo ya vita vile husema kuwa mapigano ya singe ya namna hiyo yalikuwa nadra, maana kwa kawaida upande mmoja hukimbia kabla chuma hakijagusana na chuma. Pale Milliken's Bend hawakukimbia. Walisukumwa kutoka tuta la kwanza mpaka ukingo wa mto, na huko wakasimama mgongo ukiwa majini, mpaka manowari za mtoni Choctaw na Lexington zilipofyatua mizinga. Kufikia mchana McCulloch aliwaondoa watu wake.

Hasara ya upande wa Kaskazini, waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, ilikuwa kiasi cha watu 650. Ya Kusini ilikuwa kiasi cha 185. Na askari mweusi aliyetekwa hakutazamiwa kutendewa kama mateka wengine. Mwezi mmoja kabla, Baraza la Kusini lilikuwa limepitisha azimio kwamba weusi watakaokamatwa na silaha wakabidhiwe majimbo, na maofisa wao weupe waweza kuuawa. Mwenye kusimama mbele ya tuta lile alijua kwamba mbele yake mna kifo au kamba ya utumwa, na nyuma yake mna maji.

Ni nani aliyeshuhudia ushujaa wao? Jenerali McCulloch mwenyewe, adui wao, katika taarifa yake kwa wakubwa zake, alikiri kwamba askari weusi walimpinga kwa ukaidi mkubwa. Nawe wajua kwamba hapana ushahidi mzito kama wa adui, kwani yeye hana faida ya kukusifu. Na Charles Dana, mjumbe wa wizara ya vita aliyekuwa pamoja na Grant, aliandika kwamba mambo ya Milliken's Bend yaligeuza fikira za jeshi zima juu ya kuwapa weusi silaha. Maofisa waliokuwa wakicheka zamani waliacha kucheka. Tarehe 4 Julai Vicksburg ilisalimu amri, na siku chache baadaye mto wote ukawa mikononi mwa Kaskazini. Mpaka vita vinakwisha, askari weusi kiasi cha 180,000 walikuwa wamepita katika jeshi lile, na zaidi ya 17,000 katika hao walihesabiwa kuwa wa Mississippi.

Sasa tazama walivyolipwa. Askari mweupe alipata dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliandikiwa dola 10, na katika hizo hukatwa 3 za nguo, zikabaki 7. Mpaka mwezi wa Juni 1864 ndipo Baraza la Kongresi lilipoisawazisha mishahara yao. Nilipowaeleza jambo hili vijana ninaowasomesha, mmoja aliuliza: basi kwa nini hawakuzitupa bunduki wakaenda zao? Nikamjibu kwamba mtu anayepigania mshahara hutazama mshahara, na anayepigania mke wake na watoto wake wasiuzwe hutazama jambo jingine.

Vita vikesha, ikaja zamu ya kukumbuka, na kukumbuka kwataka sauti na kwataka fedha. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi lilitunga katiba mpya iliyowanyima weusi kura kwa hila za kodi na mitihani. Miaka tisa baadaye uwanja wa Vicksburg ukahifadhiwa, na kila jimbo likaanza kujenga mnara wa watu wake. Jimbo la Mississippi nalo lilijenga mnara mrefu, ukazinduliwa mwaka 1909, lakini ulikuwa wa watoto wake waliopigania Kusini. Watoto wake wengine, wale waliotoka katika mashamba yake ya pamba wakapigania uhuru, haukuwataja. Wazee wale weusi walikufa mmoja mmoja katika vijiji vyao, na pengine ni wajukuu tu waliojua kwamba babu alikuwa askari. Hata ardhi ya Milliken's Bend haikusalia kuwa shahidi, kwani mto ulihama njia yake ukala sehemu kubwa ya uwanja ule. Jiwe halikuwapo, majina hayakuandikwa, na mahali penyewe pakamezwa na maji. Hivyo ndivyo mtu anavyosahauliwa, msomaji: si kwa tendo moja la uadui, bali kwa kunyamaza kwa wengi kwa muda mrefu.

Lakini mwenye kudai alikuwa na warithi. Robert Walker, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa Vicksburg, naye ni mtu wa elimu ya historia, alisimama akadai kwamba askari hawa nao wawekewe ukumbusho. Jambo lilichukua miaka. Mwishowe ukumbusho uligharimu dola 300,000. Mji wa Vicksburg ulitoa 25,000, na zilizobaki, dola 275,000, zilitolewa na jimbo la Mississippi. Hapa nakuomba usimame kidogo. Jimbo lile lile lililojitenga ili watu hawa wabaki watumwa, lililowanyima watoto wao kura, lililojenga mnara wa 1909 bila ya kuwataja, ndilo lililotoa sehemu kubwa ya fedha. Walioidhinisha fedha hizo hawakuwa wamemmiliki mtumwa hata mmoja. Wangeweza kusema: hayo waliyatenda wazee wetu, sisi yatuhusu nini? Nao wakalipa, kama alipavyo mrithi mwema deni alilolikuta katika nyumba aliyoirithi.

Ukumbusho ulizinduliwa tarehe 14 Februari 2004. Mwenye kuutengeneza ni Kim Sessums, daktari wa mji wa Brookhaven katika jimbo hilo hilo, ambaye pia ni fundi wa sanamu. Ni watu watatu wa shaba juu ya jiwe jeusi la Afrika. Wawili ni askari na wa tatu ni mtu wa shamba. Askari mmoja amejeruhiwa, na wenziwe wawili wamemkamata huku na huku wasimwache aanguke. Yule mtu wa shamba ameangalia nyuma, kwenye siku za utumwa. Askari mzima ameangalia mbele, kwenye siku za uhuru. Na katikati yao ni yule anayevuja damu, kwa kuwa hapana njia iliyowatoa huko ikawafikisha huku ila kwa kupita kwake. Maandishi yake yawataja askari wa kikosi cha 1 na cha 3, pamoja na watu wote wa Mississippi wenye asili ya Kiafrika walioshiriki katika vita vya Vicksburg.

Sisi hatuna mila ya kuwasimamishia wafu wetu sanamu, na sikuandika haya ili tuige hilo. Kila watu wana njia yao ya kukumbuka. Lakini maana ya jambo ni moja. Wapo watakaosema: maiti anufaike nini na jiwe? Jawabu ni kwamba jiwe lile ni la mtoto apitaye njiani. Mtoto mweusi wa Vicksburg, aliyekuwa akipita katika uwanja ule akaona kila mtu ana babu shujaa isipokuwa yeye, leo apita akajua kwamba babu zake hawakungoja kufunguliwa minyororo wakiwa wamekaa. Na mtoto mweupe naye ajua kwamba mwenziwe si mgeni katika historia ya nchi yao.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka ule ule wa 1863 Unguja ilikuwa chini ya Sayyid Majid bin Said, na karafuu za visiwani na nafaka za mwambao zilikuwa zikilimwa na watumwa. Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Mombasa mwaka 1907. Huko si zamani sana. Waliozaliwa na watu wa siku zile tumewaona kwa macho yetu.

Ingia katika miji yetu ya kale ujiulize: mawe haya aliyachimba nani? Chokaa hii aliichoma nani? Minazi hii mirefu aliipanda nani, na kisima hiki alikichimba nani? Mwenye nyumba twamjua, na aliyetoa wakfu twamjua na twamwombea, na ni haki yake. Lakini waliobeba mawe vichwani hatuwajui. Na laiti ingekuwa kutojua tu! Yako majumba ambayo mpaka leo, akija kijana mwenye dini na tabia njema kuposa, huulizwa kwa kunong'ona asili ya babu yake, na akionekana kuwa ametokana na waliokuwa watumwa, mlango hufungwa kwa udhuru wa adabu. Mtu aliyedhulumiwa babu yake aaibishwa kwa dhulma aliyotendewa! Aliyestahiki aibu ni nani, aliyefungwa au aliyefunga?

Katika jambo hili tusijifiche nyuma ya wazee wetu. Mississippi ilikuwa na udhuru kama wetu, na mwishowe haikuutumia. Wala hatutakiwi dola 300,000. Twatakiwa mambo mepesi kuliko hayo, ingawa ni mazito kwa nafsi. La kwanza, neno la kumtukania mtu asili yake likome majumbani mwetu, na zaidi mbele ya watoto, kwani mtoto hulichukua neno asilolijua maana akalitumia akiwa mkubwa. La pili, tunapotafuta mchumba kwa binti zetu tuulize dini yake, tabia yake na kazi yake, na tuliache swali la nani alimmiliki nani. La tatu, wazee wangali hai wanaojua ni nani waliojenga msikiti wa mtaa, nani walichimba kisima, nani walifyeka shamba la kwanza. Kaa nao, waulize, andika majina katika daftari, huru na asiyekuwa huru, uyaweke mahali ambapo wajukuu watayaona.

Wale askari wa Mississippi walingoja zaidi ya miaka 140. Walikuwa wamekwisha kuwa udongo walipotajwa, na hapana aliyesikia akitajwa. Wetu tusiwangojeshe hivyo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa warithi wanaolipa.